Kuomba Masomo ya Uzamili katika Uandishi wa Habari: Ukweli Huanzia kwenye Barua ya Maombi

Kila mwaka, dirisha la udahili wa vyuo vikuu linapofunguliwa, ofisi za parokia hupokea wageni wanaofanana kwa shida yao: vijana waliohitimu shahada ya kwanza, watangazaji wa redio, waratibu wa mawasiliano na watawa waliotumwa na mashirika yao. Hutafuta ushauri, barua ya utambulisho, au mchango wa kuwawezesha kuendelea na shahada ya uzamili katika uandishi wa habari na mawasiliano ya umma. Wengi wao wana moyo mzuri na akili nyepesi ya kujifunza. Hata hivyo, si wachache wanaokwama kabla ya kuanza, kwa sababu hawakuelewa chuo kinatafuta nini kwa mwombaji, au kwa sababu waliwaachia watu wengine kazi waliyopaswa kuifanya wenyewe.

Makala hii inakusudia kueleza njia ya kuomba masomo hayo kwa utaratibu. Msisitizo wake ni mmoja: fani hii inajengwa juu ya ukweli, na kwa hiyo faili la maombi ni mahali pa kwanza ambapo mwandishi wa habari hupimwa. Anayeingia darasani kwa maelezo ya kughushi amekwisha kuikana kazi anayoiomba.

Kanisa na malezi ya wanahabari

Waamini wengine hushangaa kusikia kwamba jambo hili linaihusu parokia. Itakumbukwa kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Inter Mirifica iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza mapadre, watawa na walei waandaliwe kwa ustadi kwa ajili ya vyombo vya mawasiliano ya jamii, na ukahimiza kuwepo kwa shule na vitivo ambamo wanahabari wangepata malezi kamili. Hati ya Communio et Progressio ya mwaka 1971 ilikwenda mbali zaidi katika kufafanua mafunzo hayo. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2493 hadi 2499, imeyaweka mafundisho kuhusu vyombo vya habari chini ya Amri ya Nane, ile inayokataza kushuhudia uongo.

Hapa kwetu mafundisho hayo hayakubaki kwenye karatasi. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino Tanzania, maarufu kama SAUT, kilizaliwa mwaka 1998 kutokana na chuo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi, Mwanza, kilichoanzishwa mwaka 1960. Waandishi na watangazaji wengi wanaosikika leo nchini walipita katika majengo hayo ya kando ya Ziwa Viktoria.

Je, shahada hii inamfaa nani?

Swali hili hutangulia mengine yote. Nchini Tanzania, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, pamoja na kanuni zake za mwaka 2017, ziliweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu kwa mwandishi wa habari. Maana yake ni kwamba shahada ya uzamili si leseni ya kuandika habari. Mtu anaweza kuwa mwandishi hodari maisha yake yote bila kuwa nayo. Basi inamfaa nani?

Inamfaa, kwanza, yule anayetaka kufundisha na kufanya utafiti, kwa kuwa katika vyuo vikuu vyetu uzamili ndio mlango wa kuwa mhadhiri msaidizi. Inamfaa, pili, mwanahabari aliyekwisha kufanya kazi kwa miaka kadhaa, ambaye sasa anaongoza chumba cha habari, redio au idara ya mawasiliano, na anayekutana na maswali ambayo uzoefu peke yake haumjibu: namna ya kupima wasikilizaji, sheria, uchumi wa vyombo vya habari, au mabadiliko yaliyoletwa na simu za mkononi. Inamfaa, tatu, mtu aliyetoka katika fani nyingine, kama vile sheria, afya au teolojia, ambaye utume wake umemleta kwenye mawasiliano. Huyu wa tatu hana budi kuuliza kwanza kama chuo kinampokea bila shahada ya kwanza ya fani hii, na kama stashahada ya uzamili, ambayo kwa kawaida ni fupi na nafuu, haitoshi kwa kazi anayoiendea.

Lipo kundi la nne, nalo tuliseme bila kificho: ni la wale wanaoomba kwa sababu tu hawajapata ajira. Kwa hao, mwaka mmoja wa kujitolea katika redio ya jamii au gazeti, hata kwa posho ndogo, huweza kuwa na faida kubwa kuliko miaka miwili ya ada. Wakishapata uzoefu huo, maombi yao ya baadaye yatakuwa na nguvu maradufu.

Aina mbili za uzamili na mahali pa kuomba

Mwombaji atambue kwamba si programu zote zenye jina hili hufanana. Zipo zinazolea ustadi wa kazi. Chuo Kikuu cha Missouri nchini Marekani kilifungua shule yake ya uandishi wa habari mwaka 1908, na Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kikafuata mwaka 1912 kwa fedha zilizoachwa na mmiliki wa magazeti Joseph Pulitzer. Katika mapokeo ya shule hizo, mwanafunzi hutumwa mitaani kutafuta habari, na hupimwa kwa kazi anazoandika. Programu nyingine hulea watafiti: mwanafunzi husoma nadharia na mbinu za utafiti, kisha huandika tasnifu. Programu nyingi za Afrika Mashariki ni za aina hii ya pili, au huchanganya zote mbili. Anayeomba programu ya utafiti huku akieleza hamu ya kujifunza kushika kamera, au kinyume chake, huonyesha kwamba hakusoma maelezo ya chuo.

Kwa walio Tanzania, mahali pa kuanzia ni SAUT na Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika nchi jirani vipo Chuo Kikuu cha Nairobi na Makerere, ambavyo vina historia ndefu katika fani hii. Kwa mapadre na watawa, Roma ina Chuo Kikuu cha Kipapa cha Wasalesiani, chenye kitivo cha sayansi za mawasiliano ya jamii, na Chuo Kikuu cha Kipapa cha Msalaba Mtakatifu, kinachofundisha mawasiliano ya Kanisa. Huko lugha kuu ya masomo ni Kiitaliano, na kleri au mtawa huhitaji barua ya ruhusa kutoka kwa askofu au mkuu wake wa shirika kabla ya kudahiliwa. Jambo hilo lapaswa kuzungumzwa na wakuu mapema, wala si baada ya barua ya chuo kufika.

Maombi ya uzamili nchini Tanzania hupelekwa moja kwa moja chuoni. Kazi ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ni kutoa ithibati na kutambua tuzo. Kwa sababu hiyo, kabla ya kulipa hata shilingi moja, mwombaji ahakikishe kwamba chuo na programu anayoitaka vimeorodheshwa na TCU. Aliyesoma shahada ya kwanza nje ya nchi ahakikishe pia kwamba shahada hiyo imetambuliwa na Tume.

Nyaraka zinazoombwa

Kwa kawaida chuo kitadai vyeti vya masomo, nakala rasmi ya matokeo ya shahada ya kwanza, wasifu wa mwombaji, barua mbili au tatu za wadhamini wa kitaaluma, na maelezo ya nia ya kusoma. Programu za utafiti huongeza andiko fupi la wazo la utafiti. Programu za ustadi hudai mifano ya kazi: habari zilizochapishwa, vipindi vya redio, au picha. Vyuo vya nje vinavyofundisha kwa Kiingereza huweza kudai matokeo ya mtihani wa lugha kama IELTS au TOEFL, ambayo huhesabiwa kuwa hai kwa miaka miwili tu. Basi mtu asiharakishe kuufanya mtihani huo kabla ya kujua atautumia lini.

Vyeti na matokeo ni mambo yaliyokwisha kutokea, na hayabadiliki. Cha muhimu ni kuviomba mapema, kwa kuwa ofisi za usajili huchukua muda, na kuhakikisha majina yanafanana katika nyaraka zote. Mtawa aliyebadili jina wakati wa nadhiri, au dada aliyeolewa na kuchukua jina la mume, aandae hati ya kisheria ya kubadili jina kabla ya kuulizwa.

Kazi kubwa iko kwenye maelezo ya nia. Hapa ndipo waombaji wengi hupoteza nafasi, nao huipoteza kwa kusema mambo makubwa yasiyo na kitu ndani. Huandika kwamba tangu utoto wameipenda fani hii, kwamba vyombo vya habari ni mhimili wa nne, na kwamba wanataka kuwa sauti ya wasio na sauti. Msomaji wa kamati ya udahili, aliyekwisha kusoma maneno hayo mara mia, hajifunzi chochote kuhusu aliyeyaandika.

Tuchukue mfano. Mtangazaji mmoja amefanya kazi miaka minne katika redio ya jamii, na aliwahi kuendesha kipindi cha afya wakati uvumi kuhusu chanjo ulipokuwa ukisambaa kwa ujumbe wa simu. Akiandika kwamba anataka kupambana na habari za uongo, hajasema kitu. Lakini akieleza kwamba wasikilizaji walikuwa wakipiga simu studioni kuuliza juu ya ujumbe waliotumiwa na ndugu zao, kwamba alitambua wengi walikuwa wamekwisha kuamua kabla ya kupiga, na kwamba sasa anataka kujua ni nani hasa ambaye mtu wa kijijini humwuliza kabla ya kuamini ujumbe wa simu, hapo ameleta swali. Swali hilo linaweza kufanyiwa utafiti kwa muda wa mwaka mmoja, katika kata mbili au tatu, kwa mahojiano na kaya chache, na kwa fedha ndogo. Kamati itaona mtu aliyesikiliza kazi yake mwenyewe ikimwuliza jambo.

Maelezo mazuri, basi, hujibu mambo manne kwa ufupi: nimefanya nini, kazi hiyo imenizalia swali gani, kwa nini swali hilo lahitaji masomo haya katika chuo hiki, na nikimaliza nitaurudisha ujuzi wangu wapi. Kwa jambo la tatu, mwombaji asome tovuti ya chuo, aone wahadhiri wanachunguza nini, na kama yupo anayeweza kumsimamia. Udhaifu wa matokeo ya zamani usifichwe. Kama mwaka wa pili alama zilishuka kwa sababu ya ugonjwa au kukosa ada, sentensi mbili za wazi zatosha.

Barua za wadhamini, na mipaka ya barua ya paroko

Mdhamini wa kitaaluma ni mtu aliyemfundisha mwombaji au kuisimamia kazi yake, naye huulizwa kama mwombaji anaweza kufikiri, kuandika na kumaliza alichokianza. Waamini wengi humwendea paroko kwa barua hii. Barua ya paroko ina thamani yake pale ambapo chuo au mfadhili ameomba ushuhuda wa tabia na utume, au pale ambapo mwombaji amefanya kazi chini ya padre huyo, kwa mfano katika redio au gazeti la jimbo. Haichukui nafasi ya barua ya mwalimu.

Aidha, si haki kumletea padre, mwalimu au mwajiri barua iliyokwisha kuandikwa ili atie sahihi tu, na si haki kwa anayeombwa kuisaini kwa huruma. Anayetia sahihi sifa asizozijua anashuhudia asichokiona, na kijana aliye mnyofu, ambaye barua yake inasema kweli kwa kiasi, ndiye anayenyang'anywa nafasi. Njia iliyo bora ni kumwendea mdhamini wiki sita au nane kabla ya tarehe ya mwisho, kumpelekea wasifu na maelezo ya nia, kumkumbusha kazi mliyofanya pamoja, na kumwacha aandike kwa uhuru.

Vishawishi vya njia za mkato

Siku hizi wapo watu wanaojitangaza kwamba huandika maelezo ya nia na maandiko ya utafiti kwa malipo. Wapo vishoka wanaodai wana mtu ndani ya chuo. Na zipo programu za akili mnemba zinazoweza kuandika kurasa tatu kwa dakika moja. Baba Mtakatifu Fransisko aliuelekeza ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani ya mwaka 2024 kwenye suala hilohilo la akili mnemba na hekima ya moyo, ishara kwamba Kanisa halilichukulii kuwa jambo dogo.

Tutofautishe mambo. Kutumia chombo kusahihisha tahajia, au kumwomba rafiki anayejua Kiingereza aisome barua na kuonyesha mahali pasipoeleweka, ni msaada halali, ilimradi chuo hakikukataza. Kumkabidhi mtu au mashine kazi ya kutunga maisha yako, uzoefu usiokuwa nao na swali usilolielewa, ni udanganyifu. Una adhabu yake ya papo hapo, kwa kuwa vyuo na wafadhili wengi hufanya usaili, na mwombaji asiyeyajua maneno yake mwenyewe hutambuliwa haraka. Una madhara mengine ya polepole zaidi: anayeanza uzamili kwa andiko la mwingine atahitaji mwingine amwandikie tasnifu, na kesho atakaa mbele ya kipaza sauti akiwaambia watu nini ni kweli.

Kuhusu vishoka, kanuni ni fupi. Ada hulipwa kwa chuo, kupitia akaunti ya chuo au kumbukumbu namba ya malipo inayotolewa na mfumo wake. Haipelekwi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Tena, hakuna afisa udahili halali anayeuza nafasi.

Gharama, ufadhili na michango

Ada ya masomo ni sehemu tu ya gharama. Mwombaji apige hesabu ya malazi, chakula, vitabu, kompyuta, safari za utafiti na uchapaji wa tasnifu, pamoja na kipato atakachokosa akiacha kazi. Wanafunzi wengi husimama baada ya masomo ya darasani kwa sababu hawakutenga fedha za utafiti.

Ufadhili upo kwa wanaojiandaa mapema. Serikali ya Uingereza hutoa Chevening kwa masomo ya uzamili ya mwaka mmoja. Humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili hivi, na baada ya masomo arudi nchini mwake kwa miaka miwili. Maombi yake kwa kawaida hufunguliwa Agosti, yaani mwaka mzima kabla ya masomo kuanza. Upo pia ufadhili wa Jumuiya ya Madola, wa Fulbright kwa Marekani, na wa DAAD wa Ujerumani, ambao una nafasi pia kwa wanaosoma katika vyuo vya Afrika Mashariki. Erasmus Mundus hufadhili baadhi ya wanafunzi katika shahada ya uandishi wa habari inayoanzia Aarhus, Denmark, na kuendelea katika chuo kingine cha Ulaya. Masharti hubadilika kila mwaka, na hivyo yasomwe kwenye tovuti ya mfadhili mwenyewe.

Pale familia, Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo au parokia inapoombwa kuchangia, isione haya kuuliza maswali. Barua ya udahili iko wapi? Chuo kina ithibati? Gharama zote ni kiasi gani, na nani atalipa mwaka wa pili? Je, ada inaweza kulipwa moja kwa moja chuoni? Kuuliza hivyo si kumtilia shaka kijana. Sadaka ya mama muuza mboga yastahili kulindwa, na kijana mwenye majibu atachangiwa kwa moyo mweupe zaidi.

Elimu kwa ajili ya nani?

Mtakatifu Tito Brandsma, Mkarmeli wa Uholanzi, alikuwa msomi na mwanahabari kwa pamoja. Alipata udaktari wa falsafa huko Roma mwaka 1909, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Nijmegen na kuwa mkuu wake, kisha akawa mlezi wa kiroho wa waandishi wa habari Wakatoliki. Mwezi Januari 1942, nchi yake ikiwa chini ya utawala wa Wanazi, aliwazungukia wahariri wa magazeti ya Kikatoliki kuwataka wakatae kuchapisha matangazo ya utawala huo. Alikamatwa mwezi huohuo, na tarehe 26 Julai 1942 akauawa katika kambi ya Dachau. Papa Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 15 Mei 2022. Shahada zake zilimpa nafasi ya kusikilizwa na wahariri wale, naye akaitumia nafasi hiyo ilipokuwa na gharama.

Wachache sana wataitwa kulipa gharama ya namna hiyo. Lakini kila anayeomba masomo haya anaomba kuaminiwa na watu wengi ambao hawatapata nafasi ya kuyahakiki maneno yake. Kwa hiyo tunawasihi vijana wetu waanze mapema: miezi kumi na miwili kabla kwa ufadhili wa nje, miezi minne au mitano kwa vyuo vya ndani. Wachague vyuo viwili au vitatu tu, wayasome masharti yake hadi mwisho, kisha waandike wenyewe, kwa lugha yao, mambo waliyoyafanya na wanayoyajua. Wazazi, walimu na mapadre nao wawasaidie kwa kuwaambia ukweli, hata pale ukweli huo unapokuwa kwamba wakati bado.

Tunawatakia maandalizi mema wote wanaojiandaa kwa mwaka mpya wa masomo, na tunawakabidhi kwa maombezi ya Mtakatifu Fransisko wa Sales, msimamizi wa waandishi wa habari.